Mwezi Anaoufuata Mwatum

Mkoani ilikuwa imeshakuwa ndogo nyuma yetu, na taa za gatini zinazimwa moja moja, wakati Kificho alipomimina chai vikombe vitatu na Badar akakisukuma chake kando.

Nikadhani anaumwa. Badar ndiye fundi wa mashine yetu, mtu wa Wete, miaka arubaini na kidogo, na tangu tulipotoka Kilwa sikupata kumwona akikataa kitu chenye sukari.

"Kunywa, yakhe," Kificho akamwambia. "Mashine inakunywa dizeli, weye kunywa chai. Nani atatufikisha?"

"Mie nimefunga," akasema Badar.

"Umefunga nini?"

"Ramadhani."

Mie nilikuwa nimeshika usukani. Sikuuachia, lakini mashua iligeuka kidogo kama inayotaka kwenda Unguja, kisha ikarudi.

"Ramadhani kesho," nikasema. "Au kesho kutwa. Leo mwezi ishirini na tisa Shaaban."

"Kwa hesabu ya huku, Ami. Lakini mwezi umeonekana jana Saudia. Ujumbe umeingia kwenye simu usiku, tuko gatini. Nyie mlikuwa mmeshalala."

Kwa asiyejua mambo yetu: Pemba kuna wanaofunga mwezi ukionekana popote duniani, na kuna wanaongoja uonekane huku kwetu. Mara nyingi wanapishana siku moja. Wanaishi mtaa mmoja, wanaoleana, wanazikana, ila siku hiyo moja huyu anakula na yule hali. Watu wamezoea. Hata mie nilikuwa nimezoea, mpaka asubuhi ile, kwa sababu mie nilikuwa na talaka niliyoitundika kwenye mwezi huo huo.

Ilikuwa hivi. Mashua tuliyokuwa nayo, Tawakali, si yangu. Ni ya mke wangu Mwatum, aliachiwa na baba yake. Niliichukua niende nayo dago, yaani kambi ya uvuvi, miezi minne. Nikapita Mafia, nikapita Kilwa, nikafika mpaka kwa Wamakonde na ng'ambo yake, na kila mahali palikuwa na samaki kuliko nilipotoka. Miezi minne ikawa miaka mitatu kasoro.

Siku moja niko Kilwa tunacheza dhumna, Mwatum akapiga simu. Simu yangu sikio lake lilikuwa bovu, haizungumzi ila kwa spika. Na yeye kule Kojani aliiweka yake kwa spika, kwa sababu kaka zake walikuwa wamekaa hapo wanataka kusikia. Kwa hiyo Kilwa ikasikia na Kojani ikasikia.

"Baba Asya," akasema, "mashua ya baba yangu iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Majini."

Watu wa dhumna wakacheka. Wa Kojani hawakucheka.

"Sikiliza," akasema Mwatum. "Mume nilichagua mwenyewe, simlaumu mtu. Mashua nilipewa na baba. Nnaulizia cha baba."

Pale wenzangu waliweka kete chini wakanitizama. Mwanamume akitizamwa hivyo husema jambo. Nikasema: "Nisipoifikisha Tawakali pwani ya Kojani kabla ya mwezi wa Ramadhani hii inayokuja kuandama, basi Mwatum si mke wangu, na hiyo ni talaka yake ya tatu."

Nikakata simu. Mtu mmoja akasema, "Cheza, zamu yako." Nikacheza.

Mwanamume kapewa talaka tatu. Mbili nilikwisha kuzitumia. Ya kwanza kwa ajili ya redio, ya pili kwa ajili ya kaka yake Masoud aliyekaa kwenye kiti changu. Zote mbili nilimrejea kabla ya eda kwisha, na kiti nikampa Masoud. Lakini ya tatu haina kurejea. Mpaka aolewe na mwengine, wakae kweli kama mke na mume, waachane wenyewe, ndipo. Mwatum ana miaka sitini na mbili, mie nina sabini na tatu. Nani ataanza safari hiyo?

Wakati naapa ilibaki miezi tisa. Niliiona mingi. Kwanza nilisema namalizia samaki wa msimu ule. Halafu mashine ikafa, na huyu Badar nikampata, akaifufua. Kilwa tukaja kuondoka siku ishirini na nne kabla ya asubuhi hii nnayoieleza. Mafia tukakaa siku sita tunangoja kifaa kidogo, ukubwa wa sahani ya kikombe. Nungwi tukakaa tatu kwa bahari chafu. Hata hivyo hesabu yangu ilikuwa nzuri. Mkoani tulifunga kamba jioni ya ishirini na nane Shaaban, na kutoka hapo kuzunguka kusini mpaka Kojani ni kazi ya siku moja. Wachukuzi wa Mkoani walinambia, "Mzee, shuka upande gari, saa tatu uko kwa mkeo unakula chapati." Nikawaambia sikuapia mwili wangu, nimeapia mashua. Wakasema, basi chapati zitakungoja.

Sasa Badar alikuwa amefunga.

"Maana yake nini?" nikamuuliza.

"Maana yake kwangu mie leo mosi Ramadhani," akasema. "Kwa wengine sijui, Ami. Mie sijasema Bi Mwatum kaachika. Nimesema mie nimefunga."

"Ni kitu kimoja."

"Basi kama ni kimoja, talaka imeanguka jana magharibi, sisi tuko gatini tunapima dizeli."

Alisema kwa upole. Badar si mtu mbaya. Ni mtu aliyesoma, na waliosoma wana kawaida ya kukujibu.

Kificho akachukua andazi. Kificho tumekua pamoja Kojani, na kila nilipokimbilia yeye alikuja nyuma miezi miwili baadaye akisema kapita tu. Akaliinua lile andazi juu, ili Badar alione vizuri.

"Badar, kama leo Ramadhani, mie nnakula mchana wa Ramadhani, na mie si mgonjwa."

"Weye msafiri. Msafiri ana ruhusa ya kula."

"Sitaki ruhusa yako! Nnakula kwa sababu leo Shaaban." Akauma. "Silima, hili andazi nnakula kwa ajili yako. Ndoa yako iko hapa mdomoni."

Alikula manne. Sijui kama ilisaidia.

Jua lilipotoka tulikuwa tumeshazunguka ncha ya kusini tunapanda upande wa mashariki. Upande ule hauna mahali pa kukimbilia, ni mwamba mrefu na mawimbi yanapasuka juu yake, na wewe unapita nje ukihesabu milango, yaani nafasi za kupita mwambani. Upepo ulitoka mbele. Mashine ilikuwa ikikohoa, Badar akiitia mkono, inanyamaza kukohoa. Hatukuwa na jambo jengine la kuzungumza.

"Kwa nilivyosoma," akasema Badar, "yategemea nia ya aliyeapa. Siku ile, Ami, uliposema mwezi kuandama, ulikusudia mwezi upi? Wa huku au wa popote?"

Nikafikiri kwa haki.

"Nilikusudia kumkomesha," nikasema.

"Huo si mwezi," akasema Kificho.

"Basi tutizame ada yako," akasema Badar. "Weye mwenyewe kila mwaka unafuata upi?"

Hapo nikaona aibu kidogo. Mie mwezi wangu ulikuwa wa pale nilipo. Nikiwa Lamu nilifunga na watu wa Lamu, nikiwa Tanga nikafunga na mwenye nyumba niliyopanga. Mwaka mmoja nilianza na hawa, nikahama katikati, nikamaliza na wale, nikajikuta nimefunga siku ishirini na nane na Idd imefika. Niliona nafuu, nikala Idd, ile moja nikailipa baadaye, au nilikusudia kuilipa. Mwaka mwengine nikahama kinyume, nikafunga thelathini na moja. Nikasema zimelipana.

"Haziwi hivyo," akasema Badar.

"Najua."

"Acheni ya Silima," akasema Kificho, "Silima hana ada, ana nauli. Mwenye kuachwa ni Mwatum. Tuulize, Mwatum anafuata mwezi gani?"

Nikaanza kuhesabu nnayoyajua ya Mwatum.

Nilijua Mwatum anapenda samaki wa kuchoma kuliko wa kupaka. Nilijua anapanda mwani na kucha zake zimeharibika kwa chumvi. Nilijua anavyokohoa kabla ya kusema jambo baya. Lakini siku ya kwanza ya Ramadhani, anaamka na nani kula daku, hilo sikulijua.

"Una miaka mingapi naye?" akauliza Badar.

"Thelathini na minane."

"Mie Zulekha wangu anafuata mwezi wa mama yake," Kificho akasema upesi, ingawa hakuulizwa. "Mama yake kafa, na bado anaufuata."

"Mpigie Bi Mwatum umuulize," akasema Badar.

"Nimuulize nini? Nimpigie mke wangu saa tatu asubuhi nimwambie je, umefunga? Atajua nnachouliza. Atajua pia kuwa sijui."

Hilo la pili ndilo lililonikataza.

Tulipofika mahali penye mtandao nikampigia Masoud, kwa spika, hakuna namna nyengine.

"Shemegi!" akasema Masoud. "Mko wapi?"

"Tumeshaiona miti ya Kojani. Huko hali vipi?"

"Huku wako waliofunga na wako wasiofunga."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani kwa nani?"

"Masoud, usinifanyie hivyo."

Akacheka, kisha akaacha. "Dada hajanambia kitu. Toka asubuhi mlango umerudishwa. Nyie njooni tu, watu wanangoja."

"Watu gani?"

"Watu, shemegi. Ulisema kwa spika."

Tulifika nje ya mlango wa Kojani saa tano, na maji yamekupwa. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana, na bamvua likikupwa upande ule mwamba wote unatoka nje kama meno. Tawakali isingeweza kuingia kabla ya saa nane. Tukatia nanga tukakaa tunatizamana na nyumba zetu, karibu kiasi cha kuona bati gani la nani.

Juu ya mwamba wanawake walikuwa wanachokoa pweza, ngarawa yao imelala kando. Mmoja akanyoosha mgongo, akaweka mkono juu ya macho. Alikuwa Nusaiba, jirani yetu, ukuta kwa ukuta.

"Nani huyo? Silima?"

"Ndiye mie! Hamjambo?"

"Hatujambo! Umekonda!"

"Nyumbani hawajambo?"

"Mkeo hajambo, kama bado mkeo!"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha mchokoo wake.

"Nusaiba, weye umefunga leo?"

"Mie nimekula muhogo na chai. Lakini kula kwangu mie kutakufaa nini? Mie si mkeo, alhamdulillahi!"

"Na Mwatum?"

Akasogea mpaka maji yakamfika magotini, kama kwamba siri hii isisikiwe na mwamba. "Nimemgongea asubuhi tuje pamoja. Kanambia leo hatoki, ana mgeni. Nikamuuliza mgeni nani, akarudisha mlango. Jikoni kwake hakuna moshi."

Badar aliitizama mashine yake.

"Anapikia gesi!" Kificho akapiga kelele. "Siku hizi watu wanapikia gesi!"

"Gesi yake imekwisha toka jana usiku! Mie nimemkopesha mkaa, na mkaa haujaguswa!"

Kificho akakaa chini. Lile andazi la tano alikuwa nalo mkononi, akalirudisha kwenye mfuko.

Nisiseme uongo. Katika saa zile za kungoja maji niliutizama mlango wa Kojani, nikautizama na upande wa kaskazini, wa Kiuyu, ambako ukishaipita ile ncha bahari iko wazi mpaka Mombasa. Mafuta tulikuwa nayo. Mombasa kuna watu wananijua. Nilifikiri, ikiwa keshaachika jana, mie leo naingia humo kufanya nini? Kuchekwa? Kificho aliniona nnakotizama. Ametizama huko pamoja nami mara nyingi.

"Ukigeuza," akasema, "kesho kaachika kwa miezi yote. Hapo hata mie sitakuwa na la kukulia."

Saa nane na nusu maji yakafunika mwamba. Nikang'oa nanga. Badar akawasha mashine, na kwa mara ya kwanza siku ile haikukohoa. Tukaingia.

Pwani walikuwa wamesimama watu labda mia. Kojani watu wengi na nafasi ndogo, ukisimamisha watu mia huoni mchanga. Nikaona wamegawanyika makundi mawili, na katikati yao wamewacha njia. Wa kushoto midomo mikavu, kimya, wameegemea ngarawa. Wa kulia wanatafuna njugu. Hivyo nikajua nani kafunga na nani hakufunga.

Tawakali ikagusa mchanga. Mtu wa kulia akapiga kelele, "Kafika na jua liko juu! Karibu, bwana harusi!"

Mtu wa kushoto akasema polepole, "Pole sana, Mzee Silima. Mwenyezi Mungu akupe badali."

"Badali ya nini? Shaaban hii!"

"Shaaban yako weye na njugu zako."

Wakaanza. Nikafahamu kuwa haikuwa habari ya mie tena. Ikiwa Mwatum atanifungulia kama mume, wa kulia wameshinda. Ikiwa atajitanda na kunikaribisha kama mwanamume wa nje, wameshinda wa kushoto. Watu wale wamebishana miaka mingi juu ya jambo hili, na leo walikuwa na mtu wa kulipimia.

Masoud hakujiunga. Yeye alikuja moja kwa moja kwenye mashua, akaipigapiga ubavuni kwa vifundo vya vidole kutoka omo mpaka tezi.

"Mbao hizi mpya."

"Baadhi."

"Baadhi ngapi?"

"Za baba yenu zimebaki kumi na moja. Mlingoti mpya. Mashine mpya, ya zamani iko chini ya bahari ya Mafia toka mwaka wa kwanza."

"Na jina?"

"Jina lile lile. Nimelipaka rangi mara mbili, sikubadilisha herufi."

Akatizama jina, akatikisa kichwa. Ile ya kukubali au ile ya kusikitika, sikuweza kuitambua. "Nenda," akasema. "Anakungoja."

Nikapanda vichochoro, na nyuma yangu Kojani yote, kushoto na kulia. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nikapiga hodi.

"Ingia. Peke yako."

Nikaingia. Akaurudisha mlango, na tukasikia watu wakikaa barazani na chini ya dirisha, mmoja akimwambia mwenziwe asogee.

Mwatum alikuwa amevaa kanga tu, kichwa kimefungwa kawaida, kama mwanamke alivyo kwake. Lakini hilo halikunambia kitu, kwa umri wake huenda hajali. Alikuwa amekuwa mdogo. Au mie nilikuwa nimemkuza nilipokuwa mbali.

"Mashua?" akasema.

"Ipo pwani. Kaka yako keshaipiga ngumi."

"Mbao ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nilidhani utaleta saba." Akaashiria mkeka. "Kaa."

Nikakaa. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya chai na sahani ya mkate wa kumimina uliofunikwa kawa. Akaweka mbele yangu kikombe.

Kimoja.

Nilikitizama kikombe kile zaidi kuliko nilivyowahi kutizama dira.

"Na weye?" nikasema.

"Mie nimefunga."

Dirishani mtu akasema "Ee!" na mwengine akamziba mdomo.

Nakumbuka nilifikiri jambo la kijinga, kwamba mkate ule ulikuwa umepikwa jana, kabla sijawa mtu wa nje, na kwa hiyo pengine nilikuwa na haki nao. Kisha nikafikiri nisimame nitoke, kwa adabu. Nimewahi kuzama mara mbili, moja karibu na Songo Songo, na mara zote mbili nilijua la kufanya.

"Mama Asya," nikasema, "mie nisamehe. Njia nzima nimekuwa nataka kukuuliza unafuata mwezi gani. Miaka thelathini na minane, na sijui."

Akakohoa. Nikajua linakuja.

"Utajuaje? Ramadhani ulizofunga hapa ni kumi na moja. Nimezihesabu. Kumi na moja katika thelathini na minane. Mashua imebakiwa na mbao kumi na moja na mie nina Ramadhani kumi na moja." Akaufunua mkate, akaukata, akanisogezea. "Nimefunga deni. Mwaka jana Ramadhani niliumwa siku nne sikufunga. Nimelipa tatu, hii ya nne, leo ndiyo siku ya mwisho ya kulipa. Kesho Ramadhani, panapo majaaliwa. Kunywa chai."

Dirishani vichwa vikakaribiana. Halafu tukasikia mtu wa njugu akinong'ona, "Shaaban, nilikwambia," na mwengine, "Lakini kafunga!" na wa njugu, "Deni, yakhe, deni!" na mizozo ikahamia mbali kidogo, kwa heshima ya nyumba.

Nikanywa chai. Nusu ikamwagika mkekani.

"Hujauliza nilikuwa naumwa nini," akasema Mwatum.

"Ulikuwa unaumwa nini?"

"Sasa umechelewa. Nimeshapona."

Akachukua kitambaa akaifuta chai niliyomwaga.

"Nilikuwa nimeshajitayarisha, Baba Asya. Nilikwisha kusema, asipofika basi. Ila sikutaka kuachwa kwa spika. Mtu akikuacha akutizame." Akakunja kitambaa. "Umefika, basi. Mashua haiendi tena na weye. Itabaki hapa, na nahodha Masoud. Weye ukitaka kubaki, baki. Ukitaka kwenda, ng'ambo pale kuna gari, nauli nitakupa mie, na hiyo talaka utaitamka hapa, nnakuona mdomo."

"Ntabaki," nikasema.

"Hujafikiri."

"Nimefikiri nje ya mlango. Maji yalikuwa yamekupwa, nilikuwa na nafasi."

Magharibi alifungua deni lake kwa tende na maji. Watu walikwenda pwani kutizama mwezi, na mie nikaenda. Ulikuwepo, mwembamba, kila mtu aliuona, waliofunga na wasiofunga. Wa kushoto wakasema, mmeuona, huu wa siku mbili, tizameni unene wake. Wa kulia wakasema ni wa siku moja, tizameni wembamba wake. Mie nikarudi nikalala mapema, kwa ajili ya daku.

Badar alikula Idd yake Wete, na kesho yake akavuka na kuku wa kukaanga na tambi akala yetu, kwa hiyo alikula mbili. Ana kibanda chake cha kutengeneza mashine, na wateja hawampi chai bila kuuliza kwanza.

Kificho alirudi kwa Zulekha, akasema safari hii hakupita tu. Kapimwa kaambiwa ana sukari. Maandazi kakatazwa. Ananilaumu mie.

Tawakali inavua ndani ya mwamba, haitoki nje ya mlango. Masoud kabadilisha mbao mbili tena, zimebaki tisa. Mie hupanda nikialikwa. Sialikwi mara nyingi.

Nusaiba alirudishiwa mkaa wake ule ule, haujaguswa.

Wa kushoto na wa kulia hawakupatana. Kila upande unasema siku ile ulishinda. Masoud alinambia baadaye, tukiwa peke yetu tunapakua nyavu, kwamba mwaka uliotangulia ule, na mwaka kabla ya huo, Mwatum alifunga na wa kushoto, siku ile ya kwanza kabisa. Yeye Masoud mwenyewe alikula daku hiyo nyumbani kwa dada yake. Na kwamba hakumbuki dada yake kuumwa. Aliponambia hivyo aliendelea kupakua nyavu, na mie nikaendelea. Sikumuuliza Mwatum. Yeye ndiye aliyefunga, anajua alifunga nini.

Simu nimeitengeneza, sasa sikio linafanya kazi.

Ramadhani ile nilifunga yote hapa. Iliyofuata Mwatum aliniamsha daku, nikaamka, sikuuliza mwezi umeonekana wapi. Hiyo ilikuwa ya kumi na tatu.